Kabla Spiriti Haijakauka

Kila asubuhi katika chumba cha upasuaji kazi ilianza vilevile. Dada Mkubwa, muuguzi mwenzangu, aliwasha mashine ya umeme, akaisikiliza ikilia, kisha akambandika mgonjwa bamba la kurudishia umeme pajani, mahali penye nyama, akilipapasa kwa kiganja mpaka kingo zote zishike. Mimi nilipaka ngozi spiriti yenye rangi ya chai nzito, kuanzia katikati kwenda nje, nikatandaza vitambaa vya kijani na kubakiza dirisha dogo la ngozi. Kalamu ya umeme niliichomeka kwenye ala yake ya plastiki. Daktari alisimama ng'ambo ya meza, mikono yenye glavu ameiinua kifuani. Na hapo, bila kuombwa na mtu, Kaka Lala alianza kule kichwani pa mgonjwa:

"Basi jana, mama watoto..."

Kaka Lala ndiye mtoa usingizi wetu. Jina lilitokana na neno lake la mwisho kwa kila mgonjwa, alilolitamka polepole kama anayembembeleza mtoto. Hadithi zake zote zilimhusu mkewe, na katika zote mke ndiye aliyeshinda. Mara alitumwa nyanya akarudi na viazi. Mkewe hakusema neno, jioni akamtengea viazi vibichi kwenye sahani na kumwambia, haya, baba, kula nyanya zako. Mara alijifanya mgonjwa ili asiende kumsalimia mama mkwe, na mama mkwe akaletwa kumuuguza. Dada Mkubwa alicheka mpaka barakoa ikamlowa. Daktari hakucheka kwa sauti, ila mabega yalimtikisika. Hadithi ilipokwisha alisema "Haya," akanyoosha mkono, nami nikampa kisu.

Asubuhi ninayoisimulia, nilimaliza kutandaza vitambaa, Daktari akainua mikono, na sote watatu tukageuka kuelekea kichwani pa mgonjwa. Tuligeuka kwa mazoea tu. Kaka Lala alikuwa anatazama kioo cha mapigo ya moyo. Mstari wa kijani ulipanda na kushuka machoni mwake. Hakusema kitu. Ilikuwa siku yake ya kwanza kurudi kazini tangu amzike mkewe.

Tulikuwa tumekwenda mazikoni, sote. Tulisimama nyuma na kumshika mkono kwa zamu, tukasema yale yanayosemwa. Lakini mle ndani, chini ya ile taa kubwa, hakuna aliyejua pa kuanzia. Nilimwona Dada Mkubwa akifungua kinywa chini ya barakoa na kukifunga tena. Daktari alikohoa.

"Kisu," alisema.

Nikampa. Kisha akataka kalamu, nikampa kalamu. Ngozi ya yule mgonjwa bado ilikuwa inang'aa.

Kalamu ile hukata nyama na kuziba mishipa ya damu kwa umeme. Inapogusa hutoa cheche na uzi mwembamba wa moshi. Kwa sababu hiyo chuoni tulifundishwa kwamba spiriti isiyokauka ni sawa na kummwagia mtu mafuta ya taa. Mvuke wake hushika haraka, na mwali wake ni wa buluu hafifu ambao chini ya taa kali karibu hauonekani. Mwalimu wetu alisema mtaona ngozi ikibadilika kabla hamjauona moto. Niliandika maneno hayo nikayapigia mstari, kama nilivyopigia mstari mambo mengi, nikiamini kwamba huko kazini kuna watu wazima watakaoyashughulikia.

Na yalishughulikiwa kweli, kwa namna yake. Katika chumba chetu sikuwahi kumsikia mtu akisema tungoje ikauke. Hapakuwa na haja. Hadithi ya Kaka Lala ilikuwa na urefu wa kutosha. Tulipomaliza kucheka, ngozi ilikuwa kavu. Sidhani kama kuna aliyejua kwamba tunangoja. Tulidhani tunacheka tu.

Siku ile hakuna kilichotokea. Kesho yake pia hakuna kilichotokea. Hilo ndilo lililonitisha. Kama kungekuwa na kelele, kama mashine ingelia, tungeshtuka. Badala yake kazi ilikwenda haraka kuliko zamani. Wagonjwa wa asubuhi walikuwa wanakwisha kabla ya adhuhuri, na msimamizi wa hospitali alipita mlangoni, akachungulia kwa tabasamu na kutuuliza siku hizi tunakula nini. Daktari alifurahi kusifiwa, nami sikumlaumu. Alikuwa mtu mwema aliyechoka.

Nikaanza kuiba muda.

Siwezi kusema nilipanga. Mara ya kwanza kibano kiliniponyoka kweli, kikaanguka, Dada Mkubwa akaenda kuleta kingine, na aliporudi niliona ngozi imefifia, mng'ao umeondoka. Moyo wangu ukatulia. Kesho yake nikakiangusha kusudi. Baadaye nilijifunza njia nyingine. Niliomba taa isogezwe, halafu irudishwe. Nilihesabu vipande vya shashi, nikajifanya sina hakika, nikahesabu tena. Nilisema glavu yangu imetoboka. Kila siku nililala na kuamka nikiwaza leo nitakwama kwa kitu gani.

Kuna watu ambao wangesema tu. Mimi nilipokuwa mdogo mama akinituma kuomba kiberiti kwa jirani, nilisimama mlangoni kwa watu bila kubisha mpaka mwenye nyumba atoke kumwaga maji na kunikuta. Nimekua, nimesoma, nimevaa sare, lakini yule mtoto wa mlangoni hajahama.

Na halikuwa suala la haya peke yake. Ningesema tungoje spiriti ikauke, mtu angeuliza, mbona siku zote tulikuwa hatungoji? Jibu lingekuwa limekaa pale kwenye kiti, kichwani pa mgonjwa, linatazama kioo.

Hila hazifichiki. Mbeba machela akanipa jina, Bi Subiri. Kila aliponiletea mgonjwa aliniuliza kama leo nimekula uji, ama vyombo vitaendelea kuanguka kwa njaa. Dada Mkubwa, aliyekuwa akinipenda, alianza kunitazama kwa wasiwasi. Daktari alibaki ameinua mikono, akihema kwa pua.

Nilijaribu mara moja. Tulikuwa kwenye chumba cha kubadilishia nguo, mimi na Dada Mkubwa, tunavua makofia. Nikamwambia, dada, ile spiriti, siku hizi tunaanza mapema. Alininyamazisha kwa jicho, kwa sababu Kaka Lala alikuwa ng'ambo ya pazia anavaa viatu. Tulikiona kivuli chake kimeinama. Alipotoka, Dada Mkubwa akanivuta karibu na kabati.

"Mdogo wangu, najua unakoelekea. Mambo ya hadithi tuyaache. Mtu amezika. Unataka nikamwambie achekeshe?"

Nikasema hapana, sikuwa na maana hiyo. Akaniuliza sasa nina maana gani. Nikaangalia viatu vyangu. Nikamwambia basi, yaishe.

Siku nyingine nilimfuata Kaka Lala mwenyewe. Alikuwa na tabia mpya ya kunywa chai peke yake kwenye benchi nyuma ya chumba cha kuchemshia vyombo, mahali penye joto na kelele ya mvuke. Nilikaa pembeni yake na kikombe changu. Nilikuwa nimejiandaa vizuri. Nilitaka kumpa pole, nyingine, si ile ya mazikoni. Halafu nimwambie kwamba tunamhitaji, si kwa kicheko. Nikafungua mdomo na kumuuliza kama chai ina sukari.

Alikitazama kikombe chake kwa muda.

"Sijui," alisema. "Siionji."

Tukakaa. Mvuke ulipiga kelele ukutani. Aliponyanyuka alinigusa bega, kama vile mimi ndiye niliyefiwa.

Baada ya hapo ndipo akaja dereva wa lori, mwenye ngiri. Alikuwa mtu mnene, mcheshi, aliyeingia akilalamika kwamba meza yetu ni nyembamba kuliko kiti cha lori lake. Alipolala, nilimpaka spiriti tumboni, na nyingine ikakimbilia kitovuni ikatuama pale kama maji kwenye kifuniko. Kwa kawaida napangusa. Nilinyoosha mkono kuchukua shashi, na Daktari alikuwa tayari amekwisha kupasua.

"Kalamu."

Akailenga kwenye mshipa uliokuwa unavuja. Nilisikia ule mlio wa mashine, tiii, na pamoja nao sauti nyingine ndogo, laini, kama mtu anayepuliza mshumaa. Sikuona moto. Niliona ukingo wa kitambaa cha kijani unageuka kahawia, kahawia ile inatembea. Nilinyakua taulo lililolowa maji ya chumvi na kulibamiza pale, nikaliegemea kwa mikono miwili. Harufu ya nywele zilizoungua ikapanda.

Kaka Lala aliinua macho, akaninyanyulia uso kidogo, kisha akayarudisha kwenye kioo. Daktari aliinua taulo taratibu. Kando ya kitovu palikuwa na alama nyekundu isiyozidi punje ya maharage.

"Cheche tu," alisema. Akaongeza kwamba nilipaka nyingi mno, nipunguze.

Mchana alinikuta kwenye sinki nasugua vyombo. Alisimama kando yangu akikausha mikono ambayo ilikwisha kukauka. Alizungumza kwa upole, na upole wake ulinivunja nguvu kuliko ambavyo ukali ungefanya. Alisema chumba kile si cha kila mtu. Alisema ameona mikono yangu inatetemeka, vitu vinaniponyoka, hesabu zinanipotea, na sasa hili la leo. Si kosa, ni mwili unasema umechoka. Alikwisha kuzungumza na wakubwa. Kuanzia Jumatatu nitahamia chumba cha kufunga vidonda, na mahali pangu atakuja msichana mwingine, mwepesi, aliyesifiwa sana wodi ya wazazi. Kesho, Ijumaa, ndiyo siku yangu ya mwisho.

Nilisema ahsante. Ndicho nilichosema. Nikaendelea kusugua kibano kilichokuwa safi.

Jioni mama alikuwa anapiga pasi sare yangu, kazi asiyomwachia mtu, maana anasema mimi nachoma kola. Nilimsimulia kwamba nahamishwa. Alisimamisha pasi hewani, akaniuliza nimegombana na nani. Nikasema sijagombana. Akasema hilo ndilo tatizo langu, sijawahi kugombana na mtu, hata tumboni nilikaa kimya mpaka mkunga akadhani hakuna mtoto. Kisha akaniona uso, akaiweka pasi chini. Akaketi kitandani kwangu. Nikamweleza kuhusu spiriti, kuhusu kalamu, kuhusu alama ya kitovuni, na kwamba huyo msichana mwepesi atatoa kalamu kila atakapoombwa.

"Na wao hawajui?" aliuliza.

"Wanajua, mama. Wote wamesoma kunizidi. Ila hawakumbuki kwamba walikuwa wanangoja."

Alikunja shati, akalikunjua, akalikunja tena. Aliniuliza kesho ni zamu ya nani kupasuliwa. Nikamwambia ni Mama Uzi. Mama akaweka mkono kinywani, kwa sababu anamfahamu. Mtaa mzima unamfahamu.

Mama Uzi ni fundi cherehani wa hospitali. Vitambaa vyote vya kijani amevishona yeye, na magauni yetu, na makofia. Kama umewahi kulazwa kwetu, basi umelalia mshono wake. Kwa miaka alikuwa na uvimbe shingoni, chini ya sikio, akiufunika na kilemba na kusema huo ni mto wake wa kulalia. Sasa ulikuwa umeanza kumbana akigeuza kichwa, na fundi cherehani asiyeweza kuinama si fundi.

Asubuhi ile alikuja kwa miguu yake, akamkataa mbeba machela kwa kumwambia kwamba suruali yake imeachia nyuma na asiporudi kuishonesha, wagonjwa watapona kwa kucheka. Mbeba machela alijipapasa nyuma korido nzima.

Hakulazwa usingizi. Uvimbe ulikuwa juujuu, Daktari alitaka ganzi tu, na dawa kidogo ya kumtuliza. Sindano alimchoma kwanza, akaenda kunawa. Kaka Lala akamvalisha barakoa ya oksijeni. Mimi nikaweka taulo chini ya shingo, nikapaka. Nilijitahidi kupaka kidogo, kama nilivyoagizwa, lakini shingo ni mteremko. Spiriti ilishuka nyuma ya sikio, ikaingia kwenye nywele zilizochungulia chini ya kofia, ikaendelea mpaka kwenye taulo. Niliona rangi ya chai ikitambaa kwenye weupe. Nikaomba taulo jingine. Dada Mkubwa akasema tutafunika, haitaonekana.

Tukafunika. Nilivuta kitambaa juu ya uso wake, nikakipandisha kwenye fremu ya chuma ili asikose pumzi, na kikawa kama hema dogo. Ndani ya hema lile kulikuwa na kichwa cha mama wa watu, nywele zilizolowa, taulo lililolowa, na barakoa inayovujisha hewa pande zote. Oksijeni haiwaki yenyewe. Lakini kitu kinachowaka ndani yake hakiungui kidogo kidogo. Kinaungua chote mara moja. Hilo nalo nililipigia mstari chuoni.

"Jamani," Mama Uzi alisema kutoka chini ya kitambaa, sauti yake nzito kwa dawa. "Mbona kimya? Mimi nilisikia humu ndani kuna mtu ana hadithi. Nimekuja kwa ajili ya hadithi, uvimbe ni kisingizio."

Niliona mikono ya Kaka Lala imekaa juu ya magoti yake.

"Au ni za kulipia?"

Daktari akaingia, mikono ameinua, maji yanamchuruzika viwikoni. Dada Mkubwa alimvalisha gauni haraka haraka, kama mtu anayefunga mlango ili kelele za nje zisiingie. Mama Uzi akashusha pumzi ndefu. Kaka Lala alikitazama kioo, akadhani mgonjwa ameanza kuogopa, akakizungusha kifundo cha oksijeni. Mlio wake ukaongezeka, ssss, ukajaza lile hema.

Nikaangusha kibano.

"Kingine kipo," Daktari alisema bila kutazama chini. Kweli kilikuwepo. Alikuwa amemwagiza Dada Mkubwa aweke vya akiba, kwa ajili yangu.

Nikasema taa imekaa vibaya. Akasema anaona vizuri. Nikasema sina hakika na hesabu ya shashi. Dada Mkubwa akasema yeye amehesabu, ziko sawa, mdogo wangu, tulia. Aliniita mdogo wangu kwa sauti ambayo watu humwita mtu aliyelewa. Nikatafuta kitu kingine kichwani, glavu, gauni, kiatu, nikakuta pamekauka.

Daktari akapasua. Mama Uzi hakushtuka. Ganzi ilikuwa imeshika. Damu ikatoka mstari mwembamba, na mshipa mmoja mdogo ukaanza kurusha.

"Kalamu."

Niliitoa kwenye ala. Ni nyepesi sana kalamu ile, nyepesi kuliko inavyofikiriwa, na ina kitufe cha njano ambacho kidole hukipata hata gizani. Chini ya kitambaa niliona ukingo wa taulo. Bado ulikuwa unameremeta.

"Binti. Kalamu."

Mkono wake ulikuwa umenyooshwa, kiganja juu. Aliubana mshipa kwa shashi kwa mkono wa pili. Nilihisi shingo yangu inawaka moto wa haya, ule ule wa mlangoni kwa watu.

"Bado, Daktari," nilisema.

Akauliza bado nini, bado ananyoosha mkono.

"Spiriti haijakauka. Taulo limelowa, nywele zake zimelowa, na oksijeni imejaa chini ya vitambaa. Siwezi kukupa."

Nilisikia mlio wa oksijeni tu. Kisha ukapungua, ukapungua, ukakatika. Kaka Lala alikuwa amefunga kifundo. Macho yake yalikuwa kwenye mkono wake mwenyewe, kama mkono wa mtu aliyemkuta anaiba.

Daktari aliinua ukingo wa kitambaa, akagusa taulo kwa kidole, akakitazama kile kidole. Alipozungumza sauti yake ilikuwa ya haraka na ya upole. Alisema nimefanya vizuri, ahsante, binti. Tubadilishe taulo, tukaushe nywele, twende. Dada Mkubwa alikuwa tayari amefungua kabati, na taulo kavu liko mkononi. Chini ya vitambaa nilimwona Mama Uzi amebananisha miguu yake kwa nguvu, kisigino juu ya kisigino.

Ningeweza kuishia hapo. Walinifungulia mlango, tena vizuri, na wote walitaka nipite. Taulo lingebadilishwa, uvimbe ungetolewa, mchana ningeaga kwa soda. Na Jumatatu, kwenye meza hii hii, kalamu ingekuwa mkononi mwa msichana mwepesi.

"Sisemi habari ya taulo," nilisema.

Dada Mkubwa akatikisa kichwa, taratibu, akinisihi. Daktari akaushusha mkono wake. Kalamu niliirudisha kwenye ala, nikamgeukia Kaka Lala. Juu ya barakoa macho yake yalikuwa makavu na mekundu. Aliniangalia kama anayeniomba nisiseme, na kama anayengoja niseme.

"Kaka," nilisema, "mkeo amefariki. Tangu urudi, humu ndani hakuna hata mmoja wetu aliyemtaja, kwa sababu tuliogopa kukugusa. Zile hadithi zako ndizo zilikuwa zinatungojesha. Ziliponyamaza, tukaona afadhali tumkate mtu akiwa amelowa kuliko kusimama kimya mbele yako. Sikuombi utuchekeshe. Ninachosema ni kwamba tusimame. Kila mgonjwa, kila siku, mimi niwepo au nisiwepo. Hata kama itakuwa kusimama na kulia, tusimame mpaka akauke."